Mtoto Aliyetulia

Jino la Mkasi Kombo lilikuwa halijang'oka bado, na Zeyana Faki alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Alisimama nyuma ya kiti ndani ya Gari la Tabasamu, mikono kaifunga kifuani, kama mpishi anayetazama wageni wakila pishi lake. Gari lilikuwa limekuja lenyewe alfajiri, bila dereva, likajiegesha kwenye uwanja wa skuli ya Mlilile, likakunjua paa lake la kunasa jua na kufungua milango. Kabla kengele ya skuli haijalia, watoto walikuwa wameshapanga foleni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilia. Hilo ndilo lililomleta Zeyana. Kila baada ya miezi mitatu alitembelea moja kati ya magari tisa ya Pemba, kuhakikisha chombo alichokibuni kinafanya kazi yake.

Chombo chenyewe hakikuzidi ukubwa wa bilauri. Kilikaa ubavuni mwa kiti, usawa wa pua ya mtoto, cheupe, chenye vitundu vidogo vidogo, na jina lake lilikuwa Chetezo, ingawa hakikuwa na kaa la moto wala moshi. Kilisoma pumzi na mapigo ya moyo ya mtoto, kikachanganya harufu kulingana na alichokisoma. Mkasi, msichana wa miaka minane wa darasa la tatu, alipopanda kitini huku magoti yakigongana, Chetezo kilitoa mchaichai. Kisha kikaongeza mrehani. Kisha kitu kisicho na jina, kinachofanana na shuka iliyoanikwa juani. Magoti yakatulia. Kwenye kioo kilichoning'inia juu ya kiti, tarakimu za kijani zilipanda mpaka zikasimama: Utulivu 97.

"Tisini na saba," alisema Hamad Shaame, tabibu kijana wa gari hilo, kwa sauti ya mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari lake. "Huyu ni wa kumi na tisa, Bi Zeyana. Kabla ya adhuhuri nitafika arubaini."

Akalikamata gego bovu kwa koleo, akalitikisa kushoto, kulia, akavuta. Uso wa mtoto ulikuwa shwari. Zeyana akayashusha macho kwa bahati tu, akaiona miguu.

Vidole vya miguu ya Mkasi vilikuwa vimejikunja, vimekazana kama vinavyoshikilia kamba. Na kwenye pembe ya jicho lake la kulia lilitoka chozi, likateremka polepole mpaka sikioni, juu ya uso ambao haukukunja hata kipaji.

Jino likaanguka kwenye kisahani.

"Hamad," Zeyana aliuliza, "ganzi ulimchoma saa ngapi?"

Hamad alimtazama, akakitazama kioo, akamtazama tena. "Ganzi ya nini, Bi Zeyana? Si tisini na saba hiyo?"

Zeyana alimshika Mkasi mkono, akamteremsha, akaenda kukaa naye kwenye benchi la kivulini nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Harufu ya Chetezo huchukua kama dakika kumi kumtoka mtu. Walikaa. Mtoto alikuwa ameuma pamba, macho yapo mbali. Dakika ya saba mabega yake yakaanza kutetemeka.

"Liliuma?" Zeyana aliuliza.

Mkasi aligeuka kuangalia kama kuna mwalimu karibu. "Asiyelia anapewa nyota," alisema kupitia pamba.

"Mimi si mwalimu. Mimi sigawi nyota."

Mtoto akafikiri. "Liliuma sana," alisema. "Kama mtu anakuvunja, na wewe unamtazama tu. Nilitaka kulia. Nikakitafuta kilio, sikukiona."

"Na sasa?"

"Sasa kimekuja," Mkasi alisema, akalia, kwa sauti ya chini, mkono mdomoni, kama mtu anayelilia jambo la jana.

*

Zeyana alimwacha Hamad amalize na mtoto aliyekuwa kitini, kisha akamwambia asimpandishe mwingine.

"Nionyeshe ulikoambiwa usichome ganzi."

Hamad aliufungua Mwongozo wa Mpango wa Tabasamu, toleo la tatu, akauteremsha kwa kidole mpaka kifungu cha kumi na nne. Zeyana akasoma: *Mtoto aliyetulia hahitaji dawa ya ziada. Ganzi itolewe pale tu kiwango cha utulivu kinaposhuka chini ya 40.* Na chini yake, kwa herufi ndogo, palitajwa chanzo cha maneno hayo: ripoti ya majaribio ya Chetezo, na jina lake mwenyewe, Z. Faki.

Aliyajua maneno. Aliyaandika miaka saba nyuma, akiwa mchovu na mwenye furaha, kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Dawa ya ziada aliyoikusudia ilikuwa dawa ya usingizi, ile ambayo zamani watoto walinyweshwa kwa nguvu ili wasipigane na daktari. Ganzi hakuitaja, kwa kuwa haikumpitikia kwamba kuna mtu duniani atakayehitaji kuambiwa. Na kila alipotembelea magari alizitazama nyuso na tarakimu, akaamini sindano imeshapita.

Maana Zeyana hakukitengeneza Chetezo ili sindano iondoke. Alikitengeneza ili mtoto asiiogope. Alipokuwa tabibu mchanga, mtoto mmoja alihitaji watu wazima wanne: mmoja kichwa, wawili mikono, mmoja miguu. Waliowazidi nguvu walikimbia. Mmoja wao, Sleyum, mwenye miaka sita, alikimbia mara mbili, na mara ya tatu aliletwa shingo imevimba, usaha umeshateremka kooni, akafa ndani ya gari la wagonjwa. Mwezi ule ule akaja msichana aliyetoka harusini mikononi mwa mama yake, amekishika kikuba cha mama, kishada cha asumini na mrehani, amekibana puani, na akakubali kufungua kinywa bila mtu kumshika. Zeyana alianzia pale. Ilimchukua miaka kumi, mafuta thelathini na mawili na mafundi watatu.

Alichokigundua ni hiki. Sauti na sura hupita kwanza kwenye fikira, zikahojiwa, ndipo ziifikie hofu. Harufu ina njia ya mkato. Inaingia puani na kubisha moja kwa moja pale hofu inapolala, na ukijua ubishe vipi, utailaza usingizi hofu hiyo huku mtoto yuko macho. Lakini maumivu hayapiti hapo. Maumivu hupanda na mshipa wa taya kwa njia yake, na njia hiyo Chetezo hakikuigusa kabisa. Mtoto aliye kwenye Chetezo bila ganzi anasikia kila kitu. Kilichotoweka ni ile sehemu yake inayopiga kelele.

"Toleo hili limetoka lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi."

"Na wewe hukuuliza?"

Hamad aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wa Mlilile walimpenda. "Nilimuuliza wa mwanzo kama inamuuma. Akanyamaza. Wa pili akanyamaza. Baadae nikaacha kuuliza." Akavua glavu. "Sindano mpaka ishike ni dakika kumi, Bi Zeyana. Na foleni unaiona. Kila jioni wananiandikia kutoka makao makuu kuniuliza wangapi. Hawajaniuliza hata siku moja vipi."

*

Tabibu wa meno akiwa na jino bovu ni aibu, na Zeyana alikuwa nalo moja, gego la chini kushoto, ambalo alikuwa akiliahirisha tangu mfungo wa mwaka uliopita. Watoto walipoondoka, saa nane mchana, alipanda kitini.

"Sitaki," alisema Hamad.

"Utachimba mpaka uumalize ubovu wote, kama unavyowachimba wao. Ganzi hapana. Ikiniuma nitanyanyua mkono, na wewe utaacha."

"Na usipoweza kunyanyua?"

"Basi tutakuwa tumejua," alisema Zeyana, akalaza kichwa.

Chetezo kilimsoma. Alijua kinachokuja na bado kilimshangaza: mchaichai, mrehani, kisha katikati yake harufu ya nywele za mama yake siku za Ijumaa, karafuu na mafuta ya nazi, ambayo hakumbuki kuiweka humo. Mwili wake ulilegea kama uzi uliokatwa. Mashine ya kuchimba ikaanza kulia.

Iliposhika mshipa, maumivu yalikuja mazima, hayakupunguzwa hata chembe. Yalipanda kwenye taya, yakapiga sikio, yakaingia nyuma ya jicho. Zeyana aliyatazama. Alijua kwamba haya ni maumivu makubwa kuliko yote aliyowahi kuyasikia ukiacha kuzaa, na alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba kesho ni Ijumaa. Alikumbuka kwamba ana mkono. Alikumbuka alivyokubaliana na Hamad kuhusu mkono huo. Haikumwingia akilini sababu yoyote ya kuunyanyua. Akajaribu kukasirika, kwa kuwa alikuwa amejiwekea ahadi ya kukasirika, na hasira yake akaiona kama mtu anavyoiona nguo yake imeanikwa ua wa jirani: anaijua ni yake, lakini haiko mwilini.

Mashine ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza. Hamad akaziba jino.

"Tisini na tano," alisema. "Muda wote. Hukunyanyua."

"Najua," alisema Zeyana kwa upole, akamshukuru, akateremka, akatembea mpaka kwenye tangi la maji nyuma ya skuli.

Hapo ndipo ilipomkuta. Ilianza miguuni. Alilishika tangi kwa mikono miwili, na hasira yote iliyokuwa imezuiwa mlangoni ikaingia kwa pamoja, na nyuma yake maumivu, ambayo sasa yalikuwa na mwenyewe. Akajiosha uso, akajiosha tena. Alifikiria watoto ishirini wa asubuhi ile waliorudi darasani na nyota zilizobandikwa vifuani. Alifikiria mikono iliyombandikia kila mmoja nyota yake kwa sababu hakulia.

*

Siku ya pili, Ijumaa, hakwenda kazini. Kila Chetezo huweka kumbukumbu ya kila mtoto, na ufunguo wa kumbukumbu zote alikuwa nao yeye. Alikaa nazo tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

Tangu toleo la tatu, magari tisa yalikuwa yameng'oa na kuchimba meno thelathini na moja elfu. Ganzi ilitolewa mara mia mbili na kumi na mbili. Mia moja na hamsini kati ya hizo zilieleweka: watoto ambao Chetezo hakikuwaweza, waliokuwa chini ya arubaini. Sitini na mbili hazikueleweka. Watoto hao walikuwa na utulivu wa tisini, tisini na tatu, tisini na sita, na bado mtu alitoa amri wachomwe ganzi. Zeyana alifungua majina moja moja. Alipofika la ishirini alikuwa ameshaelewa. Alipofika la thelathini na nne aliweka kalamu chini.

Jumatatu alikwenda Wete, ofisini kwa Dk. Mbarouk Seif, mkurugenzi wa Mpango wa Tabasamu. Ndiye aliyemfundisha Zeyana kushika koleo. Ndiye aliyemtafutia maabara wakati kila mtu alimcheka kwamba anataka kutibu meno kwa manukato. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na alimmiminia kahawa kwa mkono wake.

"Mwalimu," Zeyana alisema, "watoto wanasikia kila kitu."

Mbarouk alikiweka kikombe chake mezani. "Nani kasema?"

"Mimi. Alhamisi nilikaa kitini. Gego, bila ganzi."

"Ulilia?"

"Sikulia."

"Basi," alisema Mbarouk, akafungua viganja, kama aliyemaliza hesabu.

"Mwalimu, kutolia kwangu ndiko ninakokushtakia. Nimeyasikia maumivu yote mpaka mwisho, nikashindwa kuwa mtu wa kuyakataa. Na kifungu cha kumi na nne kimeandikwa kwa jina langu."

"Jina lako lilitupa nguvu mbele ya wakubwa."

"Nilikusudia dawa ya usingizi."

"Najua ulichokusudia," alisema Mbarouk, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Sikiliza, mwanangu. Mwaka jana Pemba nzima hakuna mtoto aliyekufa kwa jipu la jino. Hata mmoja. Unakumbuka tulikotoka. Kwa ganzi, gari moja litawaona kumi na watano kwa siku, na waliobaki watarudi nyumbani na usaha wao. Mwezi ujao tunavuka kwenda bara, mikoa kumi na miwili. Ukilitoa neno hili nje leo, wazazi hawatasikia 'chomeni ganzi'. Watasikia 'Chetezo ni sumu'. Wataturudisha kule kule kwa watu wanne kumshika mtoto mmoja. Na mtoto mwingine atavimba shingo, Zeyana, na huyo utamzika wewe."

Hakuwa akimtisha. Alikuwa akisema jambo ambalo Zeyana mwenyewe alikuwa ameliwaza siku tatu mfululizo bila kulipatia jawabu.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Subira. Tuvuke. Toleo la nne litatoka baada ya miezi minane, kifungu nitakifuta mwenyewe, kimya kimya, bila mtu kuaibika."

"Miezi minane ni watoto wangapi?"

"Hawalalamiki."

"Hawawezi kulalamika, Mwalimu. Tumewatengenezea chombo cha kutoweza." Alisikia sauti yake inapanda, akaiacha ipande. "Mjukuu wako, Ilham. Mwezi wa Shaaban, jino la juu kulia. Utulivu wake ulikuwa tisini na nne."

Mbarouk alikizungusha kikombe chake mezani.

"Alichomwa ganzi. Amri imetoka kwenye meza hii."

"Mama yake aliomba."

"Aliomba nini, ikiwa haiumi?"

Feni ya dari ilizunguka. Mtu alipita barazani akitoa salamu, na Mbarouk akaiitikia kwa mazoea, bila kugeuza uso.

"Alikuwa na miaka mitano," alisema hatimaye.

"Wapo watoto wa miaka minne kwenye kumbukumbu. Hao hawakuwa na babu." Zeyana akasimama. Kahawa yake ilikuwa haijaguswa. "Na si wewe peke yako. Wapo sitini na wawili: watoto wa wakaguzi, wa wakuu wa wilaya, na wa yule ofisa aliyekiandika kifungu. Nyinyi mliujua ukweli wote, mkauweka akiba kwa ajili ya watoto wenu."

*

Angeweza kuandika kwenye magazeti. Angeweza kwenda kwa wakubwa wa wakubwa. Lakini aliona kwamba wa kwanza kuambiwa ni wale waliofanyiwa, kwa hiyo alimwomba mwalimu mkuu wa Mlilile awaite wazazi, na Jumatano asubuhi wakaja, kiasi cha watu sabini, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamegusa mbao.

Zeyana aliwaambia yote. Hakuacha jina lake. Alieleza sentensi aliyoiandika, na jinsi kifungu kilivyoizaa, na kiti alichokalia, na meno thelathini na moja elfu. Aliwaambia pia kile ambacho Mbarouk alimwambia, kwamba wakikitupa Chetezo chote watoto watarudi kukimbia, na wengine watakufa. Alipomaliza hapakuwa na makofi wala matusi. Mtoto mchanga alikohoa mgongoni mwa mama yake.

Mwanamke mmoja dawati la tatu akasimama. Alikuwa Bi Riziki, mama yake Mkasi, bado na unga wa muhogo kwenye kanga.

"Mimi nilikuwepo dirishani siku ile," alisema. "Nilimtazama mwanangu anang'olewa gego, katulia kama maji mtungini. Nikamsifu. Nilipofika nyumbani nikawaambia na wenzake, muigeni Mkasi, Mkasi hodari." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Usiku wake wote kakaa ananitazama. Nikamuuliza una nini, kasema hana kitu. Kumbe alikuwa ananitazama mimi, mtu niliyemwona akichinjwa nikacheka."

"Si kosa lako, Bi Riziki."

"Najua si langu," alisema Riziki. "Nataka nijue ni la nani, na atalilipia wapi."

Zeyana aliwapa alichokuwa nacho: nakala za kumbukumbu, kila mzazi ya mtoto wake, na orodha ya wale sitini na wawili, bila jina la mtoto hata mmoja, bali vyeo vya waliotoa amri. Mwanamume mmoja aliisoma orodha ile mara mbili, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni, akatoka. Wengine wakamfuata. Kabla ya Alasiri ilikuwa imefika Chake Chake, na kabla ya Magharibi ilikuwa imefika kila mahali.

Mambo yakaenda kama alivyotaka na kama alivyoogopa, yote mawili. Kifungu cha kumi na nne kilifutwa baada ya wiki saba badala ya miezi minane. Safari ya bara iliahirishwa. Matabibu wengine sita walijitokeza kusema walikuwa wakijua. Wawili walikuwa wakichoma ganzi kwa siri na kuandika kwamba hawakuchoma. Hamad aliacha kazi, kisha akarudi. Huko Shangweni, kaskazini, wazazi walilizuia gari njiani, wakang'oa Chetezo na kukitumbukiza chooni, wakaapa gari hilo halitakanyaga tena kijijini kwao. Zeyana alipata barua mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilimwondoa kwenye Mpango kwa kutoa kumbukumbu bila idhini. Ya pili ilimwalika kwenye karamu ya kumuaga Dk. Mbarouk Seif, anayestaafu kwa heshima zote, na chini yake pameandikwa kwamba atatunukiwa cheti kwa kuwaondolea watoto hofu. Aliichana vipande vidogo, akakaa navyo kiganjani kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuona pa kuvitupa panapostahili.

*

Wizara ilimpa Zeyana chumba cha meno kwenye kituo kidogo cha afya, nje ya Mpango, kiti kimoja, msaidizi mmoja. Alichoma ganzi kwanza. Chetezo chake cha kwanza, cha majaribio, alikiacha kifungue theluthi tu ya nguvu zake, kiasi cha kumfanya mtoto akubali sindano huku bado anaweza kusema hapana. Wengi walisema hapana. Alimaliza watoto tisa kwa siku, siku nyingine sita, na foleni ya nje ilimnung'unikia.

Mwezi wake wa tano hapo alikuja mwanamume mmoja, Makame, kutoka Shangweni. Alikuwa amemleta binti yake, Raya, wa miaka saba, shavu limevimba kama kabeba embe. Alisimama mlangoni bila salamu.

"Gari halifiki tena kwetu," alisema. "Wiki iliyopita tulimshika watu watatu, tukashindwa. Kamuuma baba yake mdogo mkono. Nyinyi mnagombana huko juu, wanaoumia ni hawa."

"Kweli," alisema Zeyana. Hakujitetea. Shavu lile alilipima kwa macho, akashuka mpaka shingoni, akapumua. Usaha ulikuwa haujateremka. "Mpandishe kitini. Na wewe kaa hapa, aone uso wako."

Raya alipanda. Chetezo kikampumulia mchaichai kidogo. Alipoiona sindano alilia, lakini hakufunga kinywa, na Zeyana akachoma huku akimhesabia vidole vyake mwenyewe. Wakangoja. Baada ya dakika kumi Zeyana alishika koleo, akaligusa jino.

"Unasikia?"

"Nasikia," alisema Raya.

Akaongeza ganzi kidogo. Wakangoja tena. Nje mtu aligonga mlango kuuliza kama daktari yupo. Zeyana akagusa.

"Na sasa?"

Mtoto alifikiri kwa makini, macho kayakaza kwenye dari. "Bado."

Makame alitazama saa ya ukutani, kisha mlango, kisha kichwa cha binti yake. "Nina safari ndefu ya kurudi, daktari," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya, ilikuwa na uchovu tu. "Wewe vuta. Huyu mtoto mvumilivu."

Zeyana alirudisha koleo kwenye sinia. Akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa kiti.

"Kasema bado," alisema. "Tutakaa."